Reli ya mfano ya uani

Reli ya mfano ya uani (pia: reli ya bustanini) ni reli ndogo inayojengwa nje ya nyumba, uani au bustanini, kwa kupunguza vipimo vya reli halisi kufuatana na uwiano maalumu. Ina pau, mataruma, swichi, vituo, injini na mabehewa kama reli kubwa, lakini treni yake nzima inaweza kubebwa katika kikapu. Hutofautiana na reli ya mfano ya ndani ya nyumba kwa sababu inakaa juani na mvuani, hivyo ujenzi wake una mambo mengi ya kazi ya uashi na ya bustani.

Makala hii inaeleza hasa reli ya mfano inayojengwa katika nafasi ndogo, yaani ua wa mita chache, pamoja na mazingira ya pwani ya Afrika ya Mashariki kama yale ya kisiwa cha Pemba. Pemba hakuna reli. Hata hivyo ng'ambo yake, katika mkoa wa Tanga na kisiwani Unguja, kuna historia ndefu ya reli nyembamba na fupi, ambazo ndizo zinazofaa kuigwa katika ua mdogo.

## Historia

Treni za kuchezea zilitengenezwa Ulaya tangu karne ya 19, muda mfupi baada ya reli zenyewe kuanza. Mwanzoni kila mtengenezaji alitumia vipimo vyake. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha huko Leipzig treni zenye upana wa njia uliopangwa kwa namba, na pau zilizoweza kununuliwa kidogo kidogo na kuunganishwa. Namba hizo, kama vile 1 na 0, bado zinatumika. Baadaye vilikuja vipimo vidogo zaidi vya kuwekwa mezani: H0, ambayo jina lake linatokana na "nusu ya 0", kisha N katika miaka ya 1960 na Z mwaka 1972.

Reli ya uani ilipata umaarufu mpya mwaka 1968, kampuni ya Lehmann ya Nürnberg ilipotoa treni za LGB. Hizi zilikuwa mifano mikubwa ya reli nyembamba, iliyotengenezwa kwa plastiki isiyoharibiwa haraka na jua na pau za shaba nyeupe zisizooza kwa mvua. Kwa sababu reli nyembamba halisi zina kona kali na injini fupi, mifano yake iliweza kuzunguka katika ua mdogo ingawa ilikuwa mikubwa kwa umbo.

## Uwiano na upana wa njia

Mambo mawili huchanganywa mara nyingi. *Uwiano* ni mara ngapi kitu kimepunguzwa: katika uwiano wa 1:22.5, sentimita 1 ya mfano ni sentimita 22.5 za kitu halisi. *Upana wa njia*, au geji, ni umbali kati ya nyuso za ndani za pau mbili. Njia ileile ya mfano inaweza kutumika kwa uwiano tofauti, kutegemea reli inayoigwa.

| Jina | Upana wa njia | Uwiano wa kawaida |
|---|---|---|
| Z | mm 6.5 | 1:220 |
| N | mm 9 | 1:160 |
| TT | mm 12 | 1:120 |
| H0 | mm 16.5 | 1:87 |
| 0 | mm 32 | 1:43.5 hadi 1:48 |
| 1 | mm 45 | 1:32 |
| G | mm 45 | 1:22.5 |

Vipimo vilivyo juu ya jedwali, kuanzia Z hadi H0, ni vya ndani ya nyumba. Nje, jani moja la mwembe hufunika njia yote ya N, na siafu wachache hutosha kuzuia injini. Kwa hiyo reli za uani hutumia zaidi njia ya mm 32 au mm 45.

Ili kujua uwiano unaofaa, upana wa reli halisi hugawanywa kwa upana wa njia ya mfano. Kwa njia ya mm 45, reli za Afrika ya Mashariki zinatoa majibu yafuatayo:

* Reli ya mita 1 (Reli ya Kati, njia ya Tanga, Reli ya Uganda): 1000 ÷ 45 = 22.2. Uwiano wa 1:22.5 unafaa karibu kabisa.
* TAZARA, yenye upana wa mm 1067: 1067 ÷ 45 = 23.7. Uwiano wa 1:24 unafaa.
* SGR, yenye upana wa mm 1435: 1435 ÷ 45 = 31.9. Uwiano wa 1:32 unafaa.
* Reli ya Bububu, Unguja, iliyokuwa na upana wa futi 3 (mm 914): 914 ÷ 45 = 20.3. Kuna uwiano wa 1:20.3 uliowekwa duniani mahususi kwa reli za futi 3.

Reli za mashamba zenye upana wa takriban mm 600 huigwa kwa njia ya mm 32 katika uwiano wa 1:19.

Uwiano ukishachaguliwa, vitu vyote vinapaswa kuufuata. Katika uwiano wa 1:22.5 mtu mwenye urefu wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 7.6, mlango wa mita 2 unakuwa na sentimita 8.9, na behewa la mita 12 linakuwa na sentimita 53.

## Reli halisi za kuigwa

Ua mdogo hauwezi kubeba reli yoyote ile. Mfano ni injini za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock kwa ajili ya reli za Afrika ya Mashariki katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, na zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Mbili zimehifadhiwa Nairobi, ikiwemo *Mount Gelai* iliyopo katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Injini moja ina urefu wa karibu mita 32. Katika uwiano wa 1:22.5 injini hiyo peke yake ingekuwa na mita 1.4, kabla ya kufungwa behewa hata moja.

Reli fupi na nyembamba zinafaa zaidi. Tatu kati ya hizo ni za karibu na Pemba.

### Reli ya Sultani Barghash

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alijenga reli ndogo kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani, kusini mwa mji. Ni miongoni mwa reli za kwanza kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka kampuni ya Bagnall ya Uingereza. Haikuendelea baada ya kifo cha Sultani. Kwa mjenzi wa mfano, reli hii inahitaji injini moja, mabehewa mawili na ukuta wa jumba.

### Reli ya Bububu

Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa mwaka 1905. Ilianzia mjini Zanzibar, karibu na Ngome Kongwe, ikapita katika mitaa finyu na kandokando ya pwani hadi kijiji cha Bububu, umbali wa kilomita 11 hivi. Serikali iliichukua baadaye, na kazi yake ikapungua na kwisha katika miaka ya 1920 magari yalipoenea. Leo karibu hakuna alama yake barabarani, na watu wengi huijua kwa picha za zamani tu. Kwa sababu hiyo mfano wake una thamani pia kama kumbukumbu: ni njia mojawapo ya kuonyesha kwa vipimo jinsi treni ilivyoweza kupita katikati ya nyumba za Mji Mkongwe.

Hata reli fupi namna hii haiwezi kuigwa nzima. Kilomita 11 katika uwiano wa 1:20.3 ni mita 542. Mjenzi huchagua sehemu moja au mbili, kwa mfano kituo cha mjini na kituo cha Bububu, na kuziunganisha kwa njia fupi.

### Reli za mashamba ya mkonge

Mkonge uliletwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na Richard Hindorf mwaka 1893, na mkoa wa Tanga ukawa kitovu chake. Mashamba mengi yaliweka reli nyepesi zenye upana wa takriban mm 600 za kubebea majani hadi kiwandani. Pau zake zilikuwa nyembamba, kona zake kali, na mabehewa yake mafupi. Sifa hizo zote zinaifanya kuwa mfano bora kwa mwenye ua mdogo, kwani kona kali katika mfano haionekani kuwa kosa.

## Kupanga nafasi

### Nusukipenyo cha kona

Kinachoamua kama reli itaingia uani ni kona. Pau za kona za LGB zilizo ndogo kabisa zina nusukipenyo cha mm 600. Vipande 12, kila kimoja nyuzi 30, vinakamilisha duara lenye kipenyo cha mita 1.2 kutoka katikati ya njia hadi katikati ya njia. Injini fupi zenye ekseli mbili hupita bila taabu. Mabehewa marefu hupinda vibaya na kutoka njiani. Nafasi ikiruhusu, nusukipenyo cha sentimita 90 au zaidi ni bora.

Mabehewa hutokeza nje ya pau yanapopinda. Kwa hiyo nafasi ya angalau sentimita 15 inaachwa kati ya katikati ya njia na ukuta, nguzo au shina la mti.

### Mpango wa duara refu

Huu ndio mpango rahisi. Vipande 12 vya kona vya mm 600 na vipande 8 vilivyonyooka vya mm 300, vinne kila upande, vinatoa njia yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2. Pamoja na nafasi ya pembeni, eneo la mita 2.8 kwa mita 1.6 linatosha.

Mzunguko mmoja una mita 6.2 hivi, sawa na mita 139 za reli ya mita 1. Treni halisi iendayo kilomita 30 kwa saa hupita mita 8.3 kwa sekunde. Katika uwiano wa 1:22.5 hiyo ni sentimita 37 kwa sekunde. Treni ya mfano ikienda kwa mwendo huo itamaliza mzunguko kwa sekunde 17 hivi. Ndiyo sababu duara pekee huchosha upesi. Wajenzi huongeza njia ya kando yenye swichi mbili ili treni mbili zipishane, na hupanda kichaka au kuweka handaki katikati ili mtazamaji asione duara lote kwa mara moja.

### Mpango wa kando ya ukuta

Pale ua ulipo mwembamba, njia inaweza kuwekwa kando ya ukuta bila kuzunguka. Mpango mashuhuri wa aina hii ni ule wa Mwingereza Alan Wright uitwao Inglenook. Una swichi mbili tu na njia tatu za kuegesha: moja ya mabehewa 5, na mbili za mabehewa 3 kila moja. Njia ya kuvutia mbele inatosha injini na mabehewa 3. Kuna mabehewa 8 kwa jumla. Mchezaji hupewa mabehewa 5 yaliyochaguliwa kwa kura, ayapange kwa utaratibu uliotajwa.

Idadi ya mipangilio inayowezekana ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4 = 6720, kwa hiyo mchezo haujirudii kwa urahisi. Kwa mabehewa ya mkonge yenye sentimita 25 hadi 30 kila moja, mpango wote unaingia katika ukanda wa mita 3.5 kwa sentimita 60.

### Mwinuko

Njia tambarare ndiyo salama. Mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, huvumiliwa na treni nyingi. Asilimia 4 ni mpaka wa juu kwa treni fupi. Ili njia moja ipite juu ya nyingine inahitaji kupanda sentimita 20 hivi, na kwa asilimia 4 hilo linahitaji mita 5 za kupanda na nyingine 5 za kushuka. Katika ua mdogo hazipatikani. Daraja hujengwa kwa kuchimba chini yake, si kwa kuinua njia.

## Ujenzi

### Kupima na kuchora

Ua hupimwa kwanza na kuchorwa kwenye karatasi ya miraba, ambapo sentimita 1 ni sentimita 20 za ua. Mambo yasiyohamishika huwekwa mapema: kisima au tangi la maji, bomba, mashina ya miti, mlango, mahali pa jiko na kamba za kuanikia nguo. Katika nyumba za pwani uani ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapofanyika, na reli inayokata njia ya jikoni haidumu. Baada ya hapo mpango huwekwa chini kwa vijiti na kamba na kuachwa siku kadhaa, ili kuona kama watu wanapita bila kuuruka.

### Msingi

Misingi inayotumika zaidi ni mitatu:

* Mtaro wa kokoto. Mtaro wenye upana wa sentimita 15 hadi 20 na kina cha sentimita 10 huchimbwa, hujazwa kokoto ndogo na kushindiliwa. Ni rahisi na unaweza kubadilishwa, lakini husogea wakati wa mvua kubwa.
* Ukanda wa zege. Mtaro hujazwa zege la saruji ndoo 1, mchanga 3 na kokoto 6, kwa unene wa sentimita 7 hadi 10. Huzuia majani kuota na hudumu miaka mingi, ila kosa la kona halirekebishwi bila tindo.
* Ukuta mfupi. Matofali ya saruji hupangwa hadi kimo cha sentimita 40 hadi 70, na njia huwekwa juu yake. Hugharimu zaidi, lakini huokoa mgongo wa mchezaji, hukinga reli na mafuriko na huzuia kuku.

Kwa msingi wowote ule, pimamaji hutumika kila baada ya nusu mita, kwa urefu wa njia na kwa kuvuka pau. Njia iliyolala upande mmoja huangusha treni kwenye kona.

Mchanga wa pwani haufai. Una chumvi inayoharibu nondo, nao kuchotwa kwake huchangia mmomonyoko wa fukwe. Mbao zinazogusa ardhi huliwa na mchwa, hivyo kama zinatumika hutiwa dawa na kuwekwa juu ya matofali.

### Maji ya mvua

Pemba hupata mvua nyingi, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Msingi wa reli unaopita kati ya nyumba na mahali maji yanapoelekea huwa kama bwawa. Kwa hiyo mabomba mafupi ya plastiki hupitishwa chini ya njia kila maji yanapotaka kuvuka, na uso wa zege hupewa mteremko mdogo wa kwenda pembeni. Maji yasiruhusiwe kutuama, kwani ni mazalio ya mbu.

### Kuweka pau

Pau za shaba nyeupe ndizo za kawaida. Alumini ni rahisi zaidi kwa bei lakini haipitishi umeme vizuri kwenye viungio. Chuma cha kawaida hupata kutu upesi katika hewa ya chumvi.

Pau hurefuka kwa joto. Shaba nyeupe huongezeka takriban mm 0.019 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Njia ya mita 6 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi mchana kuliko alfajiri hurefuka kwa mm 3.4. Ikiwa imefungwa kabisa kwenye zege hupinda na kuinuka. Kwa hiyo nafasi ndogo huachwa kwenye viungio, na njia haigongomelewi. Hulazwa katika kokoto laini za mm 2 hadi 5 ambazo huishika bila kuibana. Ndiyo kazi ya kokoto katika reli kubwa pia.

Treni hujaribiwa kabla ya kumwaga kokoto, kwanza kwa kusukuma behewa kwa mkono. Mahali linapotikisika pana kiungio kibaya.

## Nguvu ya kuendesha

Umeme wa pauni. Injini hupata umeme mdogo kutoka kwenye pau mbili kupitia magurudumu. Kwa njia ya mm 45 volti hufika hadi 18 au 24. Pau lazima zisafishwe mara kwa mara, kwani vumbi, utomvu na chumvi hukata umeme.

Betri. Betri na kifaa cha kupokea mawimbi huwekwa ndani ya injini au katika behewa la nyuma yake. Pau hazihitaji kupitisha umeme, hivyo hata njia iliyochafuka inatumika. Ndiyo njia inayofaa zaidi karibu na bahari na mahali umeme unapokatika. Betri za lithiamu zisiachwe juani.

Mvuke. Kuna injini ndogo zenye bwela halisi, zinazochemsha maji kwa gesi au spiriti. Hazihitaji umeme wala pau safi. Hata hivyo ni moto wa wazi, na hazipaswi kuendeshwa karibu na mapaa ya makuti.

Umeme wa nyumbani wa volti 230 hautolewi uani hata kidogo. Transfoma hukaa ndani, mahali pakavu, na waya wa volti ndogo tu ndio unaotoka nje.

## Kutengeneza kwa mkono

Vifaa vya viwandani ni ghali na havipatikani madukani Pemba. Huagizwa kutoka nje. Lakini sehemu zinazohitaji kununuliwa ni chache: magurudumu, mota, na mara nyingi pau. Vilivyobaki vinaweza kutengenezwa. Mabehewa ya bidhaa hujengwa kwa mbao nyembamba au plaiwudi, paa kwa bati la makopo, na matangi kwa vipande vya bomba la plastiki. Watoto wa Afrika ya Mashariki wana ujuzi wa muda mrefu wa kutengeneza magari ya waya, makopo na ndala kuukuu, na wale wa pwani hutengeneza vyombo vidogo vya tanga. Kinachoongezwa na reli ya mfano ni nidhamu ya kipimo: magurudumu ya kila behewa lazima yawe na umbali uleule, la sivyo hayapiti kwenye swichi.

Majengo ya nje hutengenezwa kwa saruji iliyomiminwa katika kalibu, au kwa vipande vya mawe. Karatasi na maboksi hayavumilii mvua moja.

## Mandhari na mimea

Mimea hai hupandwa kwa kuangalia ukubwa wa majani, kwani jani kubwa huvunja uwiano. Mrehani na kivumbasi vikipogolewa huonekana kama miti, na majani mafupi hufunika ardhi kama mbuga. Mche wa mkarafuu unaweza kukaa katika chungu kwa muda, lakini mti huo hukua kuwa mkubwa, na mizizi yake huinua msingi. Kwa sababu hiyo miti ya kudumu hupandwa mbali na njia.

Majani yanayodondoka ni tatizo kubwa kuliko mvua. Mwembe na mfenesi juu ya reli humaanisha kufagia kila kabla ya safari.

## Matunzo na usalama

* Pau hupanguswa kwa kitambaa kikavu kila kabla ya matumizi, na viungio hukaguliwa kila baada ya msimu wa mvua.
* Injini na mabehewa havilali nje. Hufutwa chumvi na vumbi na kuwekwa katika sanduku linalofungika.
* Kokoto zilizochukuliwa na maji hurudishwa, na njia hupimwa upya kwa pimamaji.
* Sehemu ndogo zinazoweza kumezwa huwekwa mbali na watoto wachanga.
* Njia iliyo chini kabisa huwekewa alama mahali watu wanapopita usiku, ili mtu asijikwae.
* Kuku hukwangua kokoto na mbuzi hula mandhari. Wavu mfupi au msingi ulioinuliwa ndiyo kinga.

## Matumizi katika elimu

Reli ya mfano hutumika kufundishia mambo ya darasani kwa vitendo. Uwiano na kipenyo cha duara ni hesabu za shule. Kurefuka kwa pau na mzunguko wa umeme ni fizikia. Kuigwa kwa Reli ya Bububu ni historia. Kundi la wanafunzi linaweza kujenga mpango wa kando ya ukuta kwa kugawana kazi, kwa kuwa kila behewa hutengenezwa peke yake na mwisho yote huunganishwa katika treni moja.

## Tazama pia

* Pemba (kisiwa)
* Ngome Kongwe
* Barghash bin Said
* TAZARA
* Mkonge
* Injini ya mvuke